Laki tano na ishirini za Usambara: siku tano za "likizo ya kujifunza" Lushoto na Mtae

Wadau mmeniuliza sana kuhusu zile picha za Lushoto, kule milima ya Usambara mkoani Tanga, nilizotupia mwezi wa kwanza, wengine mnataka bei, wengine mnauliza kama watoto wanaweza kwenda, mmoja kaniuliza kama kuna simba. Hakuna simba dada yangu, simba yupo kwenye hadithi tu, nitafika huko. Naandika hapa mara moja kwa urefu maana kujibu inboksi moja moja nimechoka.

Kampuni siitaji jina. Ni ndogo tu ya hapa Dar, wanauza kitu wanachokiita likizo ya kujifunza, yaani mnakwenda kikundi, siyo kukaa hotelini mkila chipsi, mnafundishwa mila za watu wa milimani, ufinyanzi, historia, msitu na vilivyomo. Bei 520,000 kwa kichwa, siku tano, usiku nne, tarehe 27 hadi 31 Disemba. Usafiri, malazi, chakula, viingilio, waongozaji, vyote ndani, hivyo ndivyo karatasi yao ilivyosema na hiyo karatasi ninayo mpaka leo. Kikoba chetu tulikuwa 11, wakatuongezea watu watano wa huku na huku, tukawa 16 kwenye kosta moja. Mimi nimezaliwa Singida, mlima kwetu ni mawe yaliyopangana, kwa hiyo nilikwenda na hamu kweli.

Kuondoka Mbezi tuliambiwa saa kumi na mbili asubuhi kamili, tumeondoka saa mbili kasoro kumi. Sawa, tumezoea. Chai Chalinze, Segera, machungwa Korogwe, saa nane na kitu tuko Mombo na jua linawaka vibaya. Hapo ndipo mnaiacha barabara kubwa na kuanza kupanda, kama kilomita 33 hivi za lami nyembamba, mkono mmoja jabali, mkono mwingine bonde ambalo ukilitazama unaanza kukumbuka madeni yako. Dereva anapiga honi kila kona, masikio yanaziba, mama mmoja wa kikoba kafumba macho toka Mombo mpaka Soni, na pale Soni tuliposimama kuona maporomoko akauliza "tumefika?" tukamwambia bado nusu. Ila hewa, jamani. Unafungua dirisha Mombo kwa sababu ya joto, nusu saa mbele unalifunga kwa sababu ya baridi. Lushoto mjini ni kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Wajerumani walipaita Wilhelmstal kwa jina la kaisari wao, na walipapenda sababu ndiyo hiyo hiyo, joto la pwani lilikuwa limewatoa jasho vya kutosha.

Jioni ile somo la kwanza likawa salamu. Mwenyeji wetu, kijana wa pale pale, alituweka kwenye benchi nje ya gesti akatufundisha Kisambaa cha kuombea maji. Asubuhi "onga maundo", mchana "onga mshee", ukiulizwa hali "niwedi", kushukuru "hongea". Maneno manne tu, na nawaambia hayo manne yalinisaidia kuliko kila kitu nilichobeba kwenye begi. Kesho yake sokoni mwenzetu mmoja kamwamkia mama muuza karoti "onga maundo" saa kumi jioni. Yule mama kacheka mpaka kashika meza, kawaita na wenzake waje wasikie, halafu akamuongezea karoti kibao na plamzi juu (Disemba plamzi zimejaa kila kona, ndoo nzima bei ya juisi moja ya Mlimani City). Bei ya mgeni ikafa palepale.

Siku ya pili asubuhi ni Irente. Hapa sina maneno mengi, mmeshaona picha za watu wote waliowahi kwenda, ule mwamba na bonde chini, Mazinde na mashamba ya mkonge yanaonekana kama kitambaa cha mistari. Pazuri, ni kweli. Kuna shamba la Walutheri karibu na pale wanatengeneza jibini na mkate mzito mweusi, nunueni mapema, vinaisha.

Mchana ndiyo tukaenda kwa bibi mfinyanzi, na kama mngeniambia nichague saa tatu tu za safari nzima, nachagua hizo.

Bibi ana miaka sabini na, kazi kajifunza kwa mama yake, mama yake kwa mama yake, wanaume hawamo. Wanaume wetu watano walitaka kushuka naye bondeni panapochimbwa udongo, kawaambia kwa upole kabisa, "Ninyi wanangu kateni kuni." Wakakata kuni. Sisi tukashuka, tukapanda na udongo kichwani, tukautwanga juu ya jiwe huku tukitoa vijiwe kimoja kimoja maana kijiwe kimoja tu kikibaki chungu kinapasuka motoni, tukachanganya na mchanga. Hana gurudumu. Anaweka donge juu ya kigae cha chungu kilichovunjika, kigae ndicho kinachozunguka, mkono mmoja ndani mwingine nje, anaongeza vipande kama nyoka wa udongo vikizunguka kwenda juu. Kulainisha anatumia gunzi la mahindi, kukwangua anatumia kipande cha kibuyu, mwisho kabisa ana kijiwe cha mtoni, chepesi, kimeng'aa, alichokirithi, cha kusugulia mpaka chungu kinapata mng'ao. Nilikiomba nikishike akanipa, halafu akawa anakitazama kijiwe, siyo mimi, mpaka nilipokirudisha.

Changu mimi nilikiona kimetoka vizuri sana. Nikampelekea kama mwanafunzi anayepeleka daftari. Kaingiza mkono ndani, kapapasa ukuta taratibu, akafika mahali akabonyeza na kidole gumba, kidole kikatokea nje. Kaniambia, "Hapa ulikuwa unawaza kitu kingine." Na kweli nilikuwa nawaza mambo ya ofisini, kuna hesabu za mwisho wa mwaka nilikuwa nimeziacha. Nikabomoa nikaanza upya, cha pili kikanenepa kama sufuria ya shule lakini kikapita.

Vyungu vyetu vilitakiwa vikauke siku kadhaa ndani kabla ya moto, kwa hiyo tulichoma vya kwake alivyokuwa ameshakausha. Kuni chini, vyungu, majani makavu ya mgomba na nyasi juu, hakuna tanuri, moto wa wazi uani. Baada ya hapo anavitoa kwa mti mrefu na kuvigonga kwa kifundo cha kidole. Kikilia kama kengele kipo. Kikilia bu, kina ufa, hata kama macho hayaoni. Kati ya tisa, viwili vililia bu, akaviweka pembeni bila kusema neno, hivyo ndivyo vigae vya kesho.

Sasa mimi ni mhasibu, siwezi kujizuia. Wakati tunaaga nikamuuliza bibi chungu anauzaje, akasema elfu tatu, kikubwa elfu tano. Nikauliza na sisi je, kutufundisha mchana mzima, wamempa ngapi. Elfu arobaini. Kwa kundi zima. Gawa kwa 16 ni shilingi 2,500 kwenye laki tano na ishirini yangu. Kuanzia hapo nikawa nauliza kila anayetufundisha, wenzangu wakaanza kuniita TRA, yaani watu wa kodi.

Usiku wa siku ile ndiyo "usiku wa utamaduni". Jamani. Spika kubwa mbili, MC kutoka sijui wapi, vijana wanne wamevaa majani ya plastiki wanacheza sindimba. Sindimba! Ya Wamakonde! Tumesafiri saa nane kuja Usambara tuonyeshwe ngoma ya Mtwara, tena katikati wakaweka bongo fleva ili "tuchangamke". Vijana wenyewe hawana kosa, wanajua kucheza na wameambiwa wacheze hicho. Nilimuuliza mmoja kama anaijua ngoma ya kwao, akasema bibi yake anazijua, yeye hajawahi kuombwa na mgeni. Huo usiku ulikuwa kwenye programu kwa herufi kubwa kuliko kitu kingine chochote. Mwenyeji wetu alikaa pembeni anatazama simu.

Siku ya tatu msitu wa hifadhi wa Magamba. Getini tukasimamishwa, wakatuchangisha 20,000 kila mtu eti ya kiingilio. Nikatoa karatasi, viingilio vimo ndani. Mtu wa kampuni akasema lipeni kwanza tutarekebisha Dar. Shikilieni hapo.

Mwongozaji wa msitu alikuwa mtu mzima, mkimya, buti zimechakaa, na ni mwalimu hasa. Hakutuambia majina ya miti arobaini ambayo ungesahau kabla ya kutoka. Alituonyesha mmoja, mkulo, akakwangua gome tukanusa, harufu ya kafuri moja kwa moja, kama kabati la nguo la bibi. Mti huo ndio ulioponza msitu, mbao zake nzuri, haziliwi na wadudu kirahisi, ukakatwa na kukatwa toka enzi za Wajerumani, kwa hiyo mikubwa iliyobaki unaihesabu. Halafu akatukalisha kwenye ukungu dakika kumi bila kuongea, simu mfukoni. Dakika mbili za kwanza watu wanachekacheka, ya tano kimya kimeingia, ya nane mbega wakapita juu, weupe na weusi, mikia kama mashungi ya bi harusi, wanaruka mti hadi mti tena karibu. Mtoto wa mwenzetu, darasa la tano, kanong'ona "mama ndiye yule mfalme?" maana usiku kwenye gari tulikuwa tumeambiwa tutasimuliwa habari za mfalme Mbegha. Tulicheka mbega wote wakakimbia.

Kuna kitu kingine alichotuonyesha kwenye mwamba wa kivuli, ua dogo la zambarau, majani yana manyoya kama ulimi wa paka. Mwaka 1892 Mjerumani mmoja aliyekuwa mtawala huku, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao kwa baba yake, na leo liko kwenye madirisha ya watu dunia nzima, linazalishwa kwa mamilioni, Wajerumani mpaka kesho wanaliita kwa jina la Usambara. Huku kwao linabaki kwenye miamba michache michache yenye unyevu, msitu ukikatwa jua linaliua. Sisi wenyewe tulikuwa tumelipita bila kuliona, mmoja wetu alikuwa karibu kulikanyaga, na huyo mmoja ana lile lile kwenye chungu sebuleni kwake Mbezi Beach, kanunua elfu kumi na tano.

Usiku tukarudi ukingoni mwa msitu na tochi kutafuta vinyonga. Najua mnavyojisikia mkisoma hilo neno. Kwetu kinyonga ni mkosi, ukimkuta njiani unageuza. Lakini usiku kinyonga akilala anapauka, anakuwa mweupe kama jani lililokauka, na tochi ikimpiga anang'aa peke yake kwenye kijani chote. Ukishamwona wa kwanza unawaona wote, tulihesabu 13 kwenye njia isiyozidi mita mia mbili. Mmoja dume ana pembe mbili puani, kalala ameshikilia kijiti kwa vidole vilivyogawanyika kama koleo, mkia umejikunja kama chapati ya chini kabisa kwenye sahani. Mwongozaji alikataza kugusa na kumulika muda mrefu. Mama wa Kariakoo aliyekuwa amesema hashuki garini ndiye aliyekuwa wa mwisho kuondoka, eti "ngoja nimtazame anavyopumua". Mwongozaji analipwa 50,000 kwa mchana na usiku. Niliuliza, ndiyo.

Siku ya nne Mtae, na hapa kampuni ilishikwa uchi. Mtae iko mwisho wa milima upande wa kaskazini magharibi, barabara ya vumbi, na Disemba vumbi ni tope. Kila mtu Lushoto aliwaambia ondokeni saa kumi na mbili asubuhi, wao wakaondoka saa nne maana walikuwa wanasubiri hela ya mafuta itumwe toka Dar. Kosta ikanasa mara mbili. Mara ya pili tulikaa karibu saa tatu, wanakijiji wakaja na majembe na matawi, wakasukuma na sisi tukasukuma, viatu vyangu vyeupe viliishia pale.

Ila hizo saa tatu zikanipa somo ambalo halikuwepo kwenye programu. Nilikaa chini ya mgrevilia na mzee wa pale tukitazama mteremko uliokatwa matuta, ngazi ngazi, mboga kila ngazi. Nikamsifia. Akacheka, akasema baba yake alitozwa faini kwa matuta haya haya. Miaka ya 1950 Waingereza waliwalazimisha Wasambaa kuchimba matuta kuzuia mmomonyoko, kazi ngumu, ardhi ndogo, hakuna anayeeleza, watu wakagoma mpaka mpango ukafa kabla ya uhuru. "Na sasa mnachimba wenyewe?" "Sasa ni yetu," akasema, akaenda kusukuma gari. Huyo hakulipwa na mtu, tulimchangia sisi.

Tulifika Mtae jioni giza linaingia, ile mandhari ya hifadhi ya Mkomazi na tambarare hadi upande wa Kenya iliyosifiwa sana hatukuiona hadi asubuhi, na asubuhi tukapewa saa moja na nusu kwa kila kitu kwa sababu lazima turudi Dar siku hiyo hiyo. Kulaza watu Mtae halafu uwapeleke Dar kwa siku moja, kwenye tope, ni kazi ya mtu ambaye hajawahi kufika Mtae.

Mzee wa historia alikuwa ametusubiri toka jana mchana. Kavaa koti na kanzu, kakaa kwenye kiti kimoja, kaanza palepale. Mbegha alikuwa mwindaji kutoka milima ya Ngulu, kakimbia kwao, kaingia milimani na mbwa wake akiwinda nguruwe waliokuwa wanamaliza mashamba, nyama anawagawia watu, nao wanampa ugali na ndizi. Watu wakamzoea, wakawa wanamletea na kesi zao awaamue. Usiku mmoja akaua simba. Asubuhi wakampa mke na nchi. Ndiyo maana mfalme wa Wasambaa akaitwa Simba Mwene, na ndiyo ukoo wa Wakilindi ukaanza, makao yao Vuga, wakafika mpaka Kimweri ye Nyumbai aliyetawala hadi pwani na kufa mwaka 1862. Mzee akatoka hapo akaingia kwa wana wa Kimweri, vita, bunduki, Semboja kule chini Mazinde kwenye njia ya misafara, watu kuuzwa. Hapo ndipo sauti yake ilipobadilika, akawa anaonyesha kwa fimbo kijiji gani kilihamia wapi. Na hapo hapo mtu wa kampuni akasimama mlangoni akapiga makofi, "Jamani, gari!"

Mzee akanyamaza katikati ya sentensi. Akasema "haya, hongeeni," akainuka. Elfu ishirini.

Sasa hesabu. Watu 16 mara 520,000 ni 8,320,000. Bibi 40,000, mwongozaji wa msitu 50,000, mzee 20,000, jumla 110,000. Yaani kwenye laki tano na ishirini yangu walionifundisha wamepata 6,875. Nimewawekea kampuni kosta na mafuta, malazi, chakula, viingilio, mshahara wa kijana wetu, hata spika za sindimba, tena kwa ukarimu, bado zinabaki zaidi ya milioni mbili. Faida siyo dhambi, mimi nazihesabu faida za watu kila siku, lakini usiite kujifunza halafu mwalimu umlipe chini ya MC.

Mtaniuliza niende nisiende. Nendeni, ila siyo hivi nilivyokwenda mimi. Utalii wa utamaduni nchini ulianza miaka ya 1990 na Lushoto wamo toka mwanzo, ofisi za wenyeji wenyewe zipo pale mjini, mnaingia kwa miguu mnapanga siku zenu na watu wale wale tuliopelekwa sisi, mnalipana uso kwa uso. Basi za Lushoto zipo kila asubuhi toka Dar. Kaeni usiku mbili Mtae au msiende kabisa. Watoto kuanzia kama miaka tisa wanaweza, yule wa darasa la tano alitushinda wote. Chakula hakina shida, Wasambaa wengi ni Waislamu, nyama ni ya kuchinjwa, mboga ni za kwao na mbichi, chai ya tangawizi kila saa. Bebeni sweta mbili, buti, tochi yenye betri mpya. Viatu vyeupe acheni nyumbani. Mtandao milimani unakuja na kuondoka, tena afadhali.

Chungu changu kililetwa na basi wiki tatu baadaye, kimefungwa kwenye majani ya mgomba na gazeti, na maagizo kwa simu kwamba nipike uji humo kwanza kabla ya kitu kingine ili kizibe vitundu. Nimepika. Kinavuja kidogo upande ule mnene. Bibi nimemtumia elfu thelathini kwa M-Pesa, kanipigia kuuliza ni za nini.

Na ile elfu ishirini ya getini, "tutarekebisha Dar"? Nimewapigia mara nne. Mara ya mwisho dada wa ofisini kaniambia niandike barua.